Hadithi ya Ijumaa: Watoto Waliogeuzwa Bata Maji

Shangazi Mwajuma: Assalaam alaykum nyote. Shikamoo Baba. Kama nilivyoahidi, Ijumaa hii nitawatumia watoto sehemu ya kwanza ya hadithi niliyoitunga kutokana na kisa cha kale cha Ayalandi cha watoto wa Lir, kwa kuwa Ziwa Derravaragh, ambako watoto hao waligeuzwa, haliko mbali na hapa Mullingar ninapoishi. Katika hadithi yangu, Nuru na Idrisa wetu wanaokota unyoya mweupe katikati ya matete, na mara wanasikia sauti ya msichana ikiwasalimu, ingawa mbele yao hakuna mtu ila bata maji wanne.

Babu: Waalaykum salaam. Marahaba, mwanangu. Hao bata ni watu, au ni mashetani waliojivika mabawa? Ninauliza mapema kwa sababu najua nitaulizwa.

Shangazi Mwajuma: Ni watu, Baba. Fionnuala na ndugu zake wa kiume, Aodh, Fiachra na Conn, waligeuzwa na Aoife, mke mpya wa baba yao, aliyeona wivu kwa jinsi Lir alivyowapenda. Walihukumiwa miaka 900: 300 katika ziwa hili, 300 katika bahari ya Moyle iliyo baina ya Ayalandi na Uskoti, na 300 katika pwani ya magharibi.

Rukia: Wifi, naomba nisieleweke vibaya, lakini jambo hili limenigusa. Nuru ameanza kuniita mama mwaka huu tu, tena bila kushurutishwa na mtu. Sasa tumsomee usiku, kabla hajalala, kwamba mama wa kambo huwageuza watoto ndege?

Ami Salim: Shemeji ana hoja. Dada, kwa nini usimfanye mchawi wa kawaida tu, asiye na udugu nao?

Shangazi Mwajuma: Nimelifikiria hilo, Salim, na nimeona kwamba nikimwondoa, hadithi inakatika mshipa. Wifi yangu, Aoife hakuwa mgeni kwao. Alikuwa mdogo wake marehemu mama yao, yaani alikuwa mama mdogo wa watoto wale kabla ya kuolewa na Lir. Aliwaamuru watumishi wawaue, wakakataa. Akauinua upanga mwenyewe, akashindwa kuushusha. Hata baada ya kuwageuza, moyo ulimsuta, akawaachia sauti zao za kibinadamu na uimbaji ambao watu walisafiri kuja kuusikiliza. Mimi nataka watoto wakione kitendo hicho cha pili pia, maana bila zawadi ya Aoife, Fionnuala asingeweza kuwasalimu Nuru na Idrisa.

Babu: Upanga ulioshindwa kushuka. Hilo usiliondoe.

Ami Salim: Na safari ya Moyle wataifanyaje? Natumaini hawatapanda mgongoni mwa bata.

Shangazi Mwajuma: Hapana, bata maji ana uzito wa kilo kumi hivi, angezama nao. Watabebwa na púca, jini wa huku anayejigeuza farasi mweusi usiku na kumkimbiza mpandaji hadi alfajiri. Huko baharini dhoruba inawatawanya ndugu wanne, nao wanakutana tena kwenye Mwamba wa Sili kama walivyoagana. Baridi inagandisha miguu yao juu ya jiwe, na Fionnuala anawafunika wadogo wawili kwa mabawa yake na Aodh kwa manyoya ya kifuani. Sitaipunguza baridi hiyo hata kidogo, kwa sababu mtoto wa Tanga asiyewahi kuona barafu anastahili kuisikia ikiuma.

Ami Salim: Mchoro niliouchora una bata mwenye mdomo wa rangi ya machungwa na kinundu cheusi. Ni sawa?

Shangazi Mwajuma: Huyo ni yule anayeitwa bubu, tunaye hapa mwaka mzima, na hawezi kuwa mwimbaji wetu. Nichoree mwenye mdomo wa manjano na ncha nyeusi. Hao huja kila majira ya vuli kutoka Aislandi, wakivuka zaidi ya kilomita 800 za bahari, na mlio wao ni kama tarumbeta. Ukiwasikia gizani ziwani, huoni ajabu kwamba wazee wa hapa waliwadhania watu.

Babu: Mwishoni wanarudi kuwa watoto?

Shangazi Mwajuma: Wanarudi kuwa watu, Baba, lakini miaka 900 inawaangukia yote kwa pamoja. Kengele inalia, manyoya yanadondoka, na chini yake wamo wazee wanne waliokonda. Fionnuala anaomba wazikwe pamoja, Conn kuliani kwake, Fiachra kushotoni, na Aodh mbele ya uso wake, kama alivyokuwa akiwafunika kule mwambani.

Ami Salim: Hiyo ni nzito kwa mtoto wa miaka saba.

Babu: Nuru amemzika mama yake, Salim. Mwache dada yako aandike.

Shangazi Mwajuma: Kesho asubuhi nitakwenda ziwani kurekodi mlio wao, ili watoto wausikie kabla ya kusomewa. Wifi, bado sijasikia kauli yako.

Rukia: Tuma yote kama yalivyo, wifi. Baba asome sehemu ya bahari, maana anaijua dhoruba. Sehemu ya Aoife nitaisoma mimi.