Naomba ushauri, mdogo wangu amekiri wizi wa mashine ya mtumbwi, hukumu ni Jumatatu

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Niko Igombe huku Mwanza, mdogo wangu ana miaka 19, alikua anavua dagaa kwenye mtumbwi wa mzee mmoja, sasa huyo mzee miezi miwili hajampa hela yake, kila siku kesho kesho, dogo akaona isiwe tabu akabeba mashine usiku akaificha kwa shangazi. Asubuhi tu roho ikamsuta akairudisha mwenyewe ila mzee alikua ashafika polisi.

Mahakamani amekiri. Hakimu kasema Jumatatu atampa nafasi ya kuongea kabla ya adhabu. Nimesoma kifungu cha 265 cha Kanuni ya Adhabu wizi ni hadi miaka 7 jela, nikaishiwa nguvu. Ila kuna mtu kaniambia miaka 7 ni kikomo tu, hakimu anaangalia kama ni kosa la kwanza, umri, kukiri bila kusumbua, mali kurudi na muda aliokaa mahabusu, na anaweza hata kumwachia kwa masharti au kumpa kazi za jamii.

Swali langu, hilo la kudhulumiwa hela aliseme? Naogopa ataonekana anajitetea wakati ashakiri, mzee nae yupo pale ananuna. Na barua ya mwenyekiti wa mtaa inasaidia au ni karatasi tu? Mama presha imepanda, wakili hatuna hela yake. Mliowahi kupitia hii naombeni mnijibu kabla ya Jumatatu.