Hisa ya nyumba ya ushirika au kubaki mpangaji: nafuu ya kodi ya Michigan inakuwaje?

Msafiri_GR: Wadau, salaam. Nipo apatimenti hapa Grand Rapids, pango dola 1,150 kwa mwezi. Kuna nyumba ya ushirika (wakazi wananunua hisa za chama kinachomiliki jengo) inauza hisa, ada ya mwezi 800. Huwa najaza MI-1040CR, fomu ya jimbo ya kudai nafuu ya kodi ya majengo, kama mpangaji na narudishiwa hela. Nikihamia ushirika, ile 23% ya pango, inayohesabiwa kama kodi ya majengo niliyolipa, naendelea kuipata? Wanataka jibu Ijumaa.

Karani_Mstaafu: Umeficha ya maana yote. Mapato ya kaya? Umri? Na huo ushirika unalipa kodi ya majengo, au ada ya huduma badala yake? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Dada_Lansing: Hapana, huipati. Maelekezo ya fomu yanasema wazi: mkazi wa ushirika anadai fungu lake la kodi ya majengo ya jengo lile. Kama wakazi wanalipa pia pango la ardhi iliyo chini ya jengo, wanaongeza 23% ya pango hilo la ardhi. Ada yote ya mwezi usiizidishe kwa 23%. Humo ndani mna mkopo wa jengo, bima, maji, hadi kuzoa theluji.

Msafiri_GR: Mapato 28,000, umri 41. Ofisi yao inasema kodi ya majengo wanalipa, na fungu la nyumba hiyo kwa mwaka ni 1,050.

Karani_Mstaafu: Haya sasa. 3.2% ya mapato yako ni 896. Kinachozidi hapo, unarudishiwa 60%.
Ukibaki: 1,150 × 12 = 13,800; 23% yake 3,174; toa 896, inabaki 2,278; unapata kama 1,367.
Ukihamia: 1,050 toa 896, inabaki 154, unapata 92.

Mama_Pesa: Mbona mnamtisha? Anapoteza 1,275 za nafuu, lakini ada imeshuka 350 kwa mwezi, yaani 4,200 kwa mwaka. Bado yuko mbele. Mimi ni ushirika tu, pango halijengi kitu.

Karani_Mstaafu: Yuko mbele kama hisa haikumla akiba. Bei ya hisa hajaitaja, wala kama akitoka anarudishiwa alichoweka tu au na faida.

Dada_Lansing: Kinachowaponza wengi ni programu ya kujazia kodi. Inauliza "mpangaji au mwenye nyumba?", mtu anabofya mpangaji, anaandika ushirika kama mpangishaji na ada ya miezi 12 kama pango. Kwa ada ya 800 na mapato kama yako inatoka 787 badala ya 92. Hela inaingia, inaliwa. Baadaye Hazina ya jimbo inaandika barua kudai uthibitisho wa pango. Ofisi ya ushirika haiwezi kutoa mkataba wa upangaji, inatoa barua ya fungu la kodi. Hesabu inarudiwa na unadaiwa tofauti pamoja na riba. Hiyo barua ya fungu omba kila Januari, iwe na anwani, namba ya nyumba na mwaka wa kodi.

Juma_Oakland: Huku Kalifornia nafuu ya mpangaji ni dola 60, wanandoa 120, na hairudishwi taslimu, inapunguza kodi tu. Shukuruni Mungu.

Mama_Pesa: Mbona hamjataja kodi ya shirikisho? Mwanachama wa ushirika anaweza kukata fungu lake la riba ya mkopo na kodi ya majengo.

Karani_Mstaafu: Akiorodhesha makato. Kwa mapato ya 28,000, makato ya kawaida (kiasi maalumu unachokatiwa bila kuorodhesha) karibu kila mara yanashinda. Msafiri, ukihama katikati ya mwaka unadai vyote: pango la miezi uliyopanga, na fungu la kodi kwa siku ulizokaa ushirika, gawa kwa 365. Na ndugu wakikutumia hela, kinachozidi 300 kwa mwaka kinaingia kwenye mapato ya kaya. Msaada wa chakula hauingii.

Msafiri_GR: Asanteni. Na mama yangu anayeishi nasi, pensheni yake inahesabiwa?

Dada_Lansing: Mapato ya kaya ni yako na ya mkeo. Ila mama akichangia gharama za nyumba, mchango huo unauhesabu. Anachangia?

Mama_Pesa: Hisa ni bei gani kwanza?