Kimeandikwa "hakijawahi kutumika", kimefika kimekonda kwa kunolewa: tupeane uzoefu wa kununua visu vya kukunja mtandaoni

Makali Mawili
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa sisi tunaonunua visu vya kukunja mtandaoni, iwe vya kutumia au vya kukusanya. Sizungumzii matapeli wanaokula hela na kuzima simu, hao wana uzi wao. Nazungumzia kisu kinachofika kweli, ila muuzaji alikisifia kizima na wewe umepokea mgonjwa.

Naanza mimi. Napenda visu vya jeshi la Uswisi vyenye mpini wa alumini, ile modeli ya 1961. Kwenye shina la ubapa, pale unapoingia mpinini, wamegonga tarakimu mbili za mwaka kilipotengenezwa, kwa hiyo umri si rahisi kuudanganya. Kinachodanganywa ni hali. Niliagiza cha 78 kutoka Ulaya, maelezo yakasema kimetoka ghalani, hakijawahi kutumika. Picha karibu zote kimefungwa. Moja tu kimefunguliwa, nayo imepigwa kutokea upande wa mgongo.

Kufika, mwaka ni wenyewe, alumini safi, lakini ubapa umenolewa mpaka tumbo limekwisha. Karibu na ncha kuna mikwaruzo ya msasa inayoonekana bila lenzi. Sijui huko ghalani walikuwa wanachinja nini.

Nilikilaza karibu na kingine cha modeli hiyohiyo, nikapiga picha moja yenye vyote viwili na rula katikati. Muuzaji akaja na hadithi ya "kisu ni cha zamani, uelewe". Sikubishana naye habari za uzee. Nilimnakilia sentensi yake mwenyewe, "hakijawahi kutumika", na chini yake ile picha. Hela ikarudi.

Nyie mmekutana na nini, na mlimalizaje? Tajeni kisu, muuzaji muacheni.

Simba Mla Nyanya
Mimi nimekaa pembeni nasoma. Kumbe watu mnanunua visu vilivyotumika kwa bei ya godoro.

Mdigo wa Raskazone
Cha kwangu ni kesi ambayo nusura nimdhulumu mtu. Opinel namba 8, ile ya Ufaransa yenye mpini wa mti na pete ya kuzungusha ya kufungia ubapa. Muuzaji aliandika "inafunguka laini". Kimenifikia hapa Tanga, hakifunguki! Navuta kwa ukucha mpaka ukucha unataka kung'oka. Nilishaandika madai, bado kubonyeza kutuma.

Mzee mmoja fundi seremala akaniuliza kama mpini ni mti mtupu. Ni mti, mara nyingi wa bichi (beech), mti wa Ulaya. Akasema basi umekunywa maji. Kimetoka kwenye nyumba kavu zenye hita, kimekuja pwani kwenye unyevu huu wetu, mti umevimba ukaubana ubapa. Tulikiweka juu ya friji kwa nyuma, penye joto kidogo, kisha akapaka mafuta ya kitani kwenye mfereji na kwenye kiungo. Kikalegea. Kuna ujanja wa Wafaransa wenyewe pia: unagonga kitako cha mpini mezani, ubapa unachomoza, unaushika. Kwao hilo ni jambo la kawaida kabisa.

Kwa hiyo kwa Opinel, kabla hujamwita mtu mwongo, kipe kisu siku kadhaa mahali pakavu. Ila pete ikiwa inapwaya na ubapa unacheza hata ukiwa umefunguliwa na kukazwa kwa pete, hapo unyevu hauhusiki. Dai.

Makali Mawili
Ongeza rula, mkuu. Namba 8 kipya makali yake ni sentimita 8.5. Ukipima ukakuta 8 kasoro, kimeshakula jiwe la kutosha hata kama mpini unang'aa kama juzi.

Dada wa Leicester
Huku kwetu uongo wa maelezo unaweza kukupeleka mahakamani. Sheria ya Uingereza ya 1988 inakuruhusu kutembea na kisu cha kukunja bila kuulizwa sababu endapo makali hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na kisiwe na loki. Nilimnunulia kaka yangu zawadi, tangazo likiwa limeandikwa wazi kwamba ni halali kubeba Uingereza. Kimekuja na loki: ukikifungua ubapa unakaza, haurudi mpaka ubonyeze kibati cha ndani. Angesimamishwa nacho barabarani angejieleza hadi ulimi ukauke.

Bahati yangu muuzaji alikuwa duka. Sheria ya haki za walaji ya 2015 inasema bidhaa lazima ifanane na maelezo, na ndani ya siku 30 unaweza kuikataa ukarudishiwa fedha zako zote. Wakanijibu kwamba nimeshafungua pakiti. Nikawauliza, hiyo loki ningeionaje bila kufungua pakiti? Kimya kidogo, halafu wakanitumia lebo ya kurudishia, nauli juu yao. Mngenunua kwa mtu binafsi hiyo ya siku 30 msingekuwa nayo, mngebaki na maneno yake aliyoandika. Kwa hiyo pigeni picha ya tangazo siku mnayolipa, maana matangazo yana tabia ya kurekebishwa usiku.

Makali Mawili
Na hiyo Opinel ya Mdigo isingepita huko. Pete ni loki, na makali yamezidi.

Shemeji Yuko Minnesota
Tatizo langu mimi ni safari. Nanunua Marekani, mzigo unakwenda kwa shemeji, unasubiri mtu wa kuja Dar auweke kwenye begi la chini, maana kwenye begi la mkononi kisu hakipiti. Kufika kwangu msimu umebadilika. Nikafungua Victorinox nyekundu, kile kisu cha Uswisi chenye vifaa vingi, iliyoelezwa "kamili, kila kitu kipo": kijiti cha meno hakuna, kibanio hakuna, na mkasi springi yake imevunjika. Nakimbilia kudai, dirisha limefungwa zamani. Soko lile la mtandaoni nilikonunua linahesabu siku 30 tangu mzigo ulipopokelewa, na aliyepokea ni shemeji, si mimi.

Nilichofanya tangu hapo ni kumpa shemeji kazi. Pakiti ikifika anaifungua siku hiyohiyo huku simu inarekodi, kuanzia gundi ya boksi haijaguswa. Anafungua kila kifaa kimoja kimoja, anakitikisa ubapa mbele ya kamera, ananitumia. Mwanzo alinuna. Sasa amekuwa mkaguzi kuliko mimi, juzi kakataa kisu ambacho mimi ningekipitisha. Na kama ulilipa kwa PayPal, kule mlango wa mgogoro uko wazi siku 180 tangu ulipe, kwa hiyo hata ukichelewa sokoni jaribu huko.

Kijiti na kibanio vinauzwa peke yake, hilo lisikunyime usingizi. Mkasi nao hutengenezeka.

Kariakoo Mchana
Mnateseka bure. Mimi nanunua kwa watu wa hapahapa mtandaoni, tunakutana stendi, nakifungua, nakitazama shingoni. Kama pameandikwa neno moja tu la chuma kisichoshika kutu na jina la kiwanda hakuna, namrudishia mwenyewe kisu chake na namwambia asalimie nyumbani. M-Pesa inatoka baada ya kukagua. Anayesema "lipa kwanza nauli ya boda" namtakia kheri.

Fundi Kijenge
Naomba nami nisikike, mimi niko upande wa wauzaji. Nakarabati visu vya zamani hapa Arusha na kuviuza. Kosa huwa naliandika mstari wa kwanza kabla ya sifa, na bado nimefunguliwa madai.

Mteja mmoja alinunua kisu cha chuma cha kaboni. Nilimtumia ubapa mweupe, na picha ya siku ya kutuma ninayo. Baada ya wiki akaja na malalamiko kwamba nimemuuzia kutu iliyofichwa. Natazama picha yake, ubapa umekuwa kijivu chenye bluu, na nyuma yake mezani kuna bakuli la kachumbari! Chuma cha kaboni kikigusa ndimu, kitunguu au embe bichi hubadilika rangi, na rangi hiyo hata inakisaidia. Kutu ni nyekundu, ukipitisha ukucha unakwaruza, na ikiachwa inachimba vishimo. Nikamwambia achukue kitambaa na mafuta kidogo asugue. Kama kitambaa kinatoka chekundu anirudishie kisu nimpe hela yake. Hakurudi tena.

Lakini nikubali, wenzangu tunao wanaochafua jina. Mchezo mkubwa ni kusugua kisu chenye vishimo vya kutu kwenye mashine ya kung'arisha mpaka kiwake. Kwenye picha kinapendeza. Ukikishika utaona maandishi ya kiwandani yamefifia na kona zote zimekuwa duara. Kisu kilichowaka sana huku chapa yake haisomeki, mimi mwenyewe sikinunui. Ombeni picha ya chapa kwa karibu, na ombeni picha kisu kikiwa kimefunguliwa nusu, ubavuni. Muuzaji mkweli anapiga dakika hiyohiyo.

Kitui hadi Dallas
Afadhali nimewakuta, mimi niko katikati ya vita sasa hivi. Nimenunua Case, visu vile vya Kimarekani vya Bradford, Pennsylvania. Tangazo: "mwaka 1971, imara, ubapa haulegei". Wanaozijua wanajua hesabu ya vitone: 1970 walianza na kumi chini ya jina, wakawa wanaondoa kimoja kila mwaka. Ya 1971 inatakiwa tisa. Yangu ina vitatu, kumaanisha 1977. Na ubapa unacheza kushoto kulia, ukikitikisa unasikia. Muuzaji anasema nibaki nacho anirudishie robo ya bei. Nikubali?

Fundi Kijenge
Vitone vilionekana kwenye picha zake?

Kitui hadi Dallas
Ndiyo, ukikuza sana.

Fundi Kijenge
Basi usianze na mwaka. Utaje, ila wa pili. Atasema ulikuwa na macho, vitone uliviona. Anza na kulegea, kwa sababu hakuonekani kwenye picha yoyote na yeye ameandika kwa mkono wake kwamba hakupo. Rekodi video fupi: shika mpini, sukuma ubapa kwa kidole huku na huku. Na usithubutu kugonga ribiti, ule msumari wa kiungo, ili kukikaza. Najua ni kazi ya nyundo ndogo na utulivu, lakini ukishakigusa atasema umekiharibu wewe.

Makali Mawili
Robo ni ndogo. Kama unakitaka, pigia hesabu gharama ya fundi na tofauti ya bei kati ya ya 71 na ya 77, omba hiyo. Kama hukitaki, usiingie kwenye mnada naye, rudisha.

Dada wa Leicester
Na mazungumzo yote yabaki ndani ya soko. Akikwambia muhamie kwenye simu mmalizane kiungwana, mjibu hapohapo.

Kitui hadi Dallas
Mrejesho. Video imetumwa. Kwanza alisema nimekilegeza mimi, halafu ndani ya saa hiyohiyo akapanda mpaka nusu ya bei. Nimekataa, nimechagua kurudisha. Lebo ya posta imeingia kwenye barua pepe leo. Hela ikitoka natafuta ya 1973, vitone saba. Fundi, ukiiona huko usimwambie mtu.