Je, Alexandra ndiye aliyeuangusha ufalme wa Urusi?

Mleta mada: Wadau, kila nikisoma habari za mapinduzi ya 1917, lawama anabebeshwa Alexandra, mke wa Tsar (mfalme) Nikolai II. Alizaliwa Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1872, akiitwa Alix wa Hesse, mjukuu wa Malkia Victoria wa Uingereza. Akaolewa Novemba 1894, wiki moja tu baada ya mazishi ya baba mkwe wake. Mimi nasema mwenye kosa ni mume, maana dola ilikuwa mkononi mwake. Mnasemaje?

Nahodha: Mkuu, unamtetea bure. Mwaka 1915, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Tsar alipokwenda Mogilev kuongoza jeshi, nani alibaki akimchagulia mawaziri? Mawaziri wakuu wanne ndani ya mwaka na nusu hivi: Goremykin, Stürmer, Trepov, Golitsyn. Mume anapigana na Wajerumani, nyumbani mke Mjerumani anamsikiliza Rasputin, yule mkulima wa Siberia aliyedaiwa kuponya kwa maombi! Tena ile hemofilia ya mtoto wao Aleksei, ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda, si aliileta yeye? Watu wamekupokea, unawaingizia damu mbovu.

Kaskazi: Ujerumani wake si hoja. Dada yake Ella naye aliolewa Urusi, na mumewe Sergei aliuawa kwa bomu 1905. Akamfuata muuaji gerezani kuzungumza naye, akauza vito vyake, akaanzisha nyumba ya watawa Moscow. Alix kilichomharibia ni uwanja wa Khodynka, Moscow, 1896, sherehe za kutawazwa mumewe. Watu zaidi ya elfu moja wanakufa kwa kukanyagana, usiku yeye na mumewe wanakwenda dansi kwa balozi wa Ufaransa.

Mama Watatu: Kaskazi, Khodynka isubiri. Nahodha, hebu rudia hilo la "damu mbovu". Dada yangu ana mtoto wa kiume mwenye hemofilia, na maneno hayo hayo ameyasikia ukweni mbele ya wageni. Mwanamke anaweza kuibeba bila kuumwa hata siku moja. Aleksei alizaliwa 1904, dawa hakuna, mtoto anavuja damu ndani kwa ndani, analia usiku kucha. Ungekuwa wewe, usingemfungulia mlango Rasputin?

Nahodha: Dada, nazungumzia utawala, usiniletee mambo ya ukweni. Na alijua! Kaka yake Friedrich alikufa mdogo baada ya kuanguka dirishani, mjomba wake Leopold akafa 1884, dada yake Irene amezaa mgonjwa kabla Alix hajaolewa. Anajua yote hayo, bado anakwenda kumzalia Tsar mrithi.

Mama Watatu: Na Nikolai yeye hakuyajua? Hiyo ilikuwa ukoo wa kifalme, si watu waliookotana njiani. Habari za Leopold zilikuwa wazi Ulaya nzima. Posa alipeleka nani? Mwanamume anataka mke kwa macho yake mawili, mtoto akiumwa kosa linakuwa la mama peke yake!

Mpekuzi: Mbona hamsemi Alexandra alikuwa jasusi wa Kaisari Wilhelm wa Ujerumani? Watu waliyasema hadharani.

Kaskazi: Walisema, ndiyo. Serikali ya Muda iliyochukua nchi ikachunguza, haikupata ushahidi wa uhaini. Yeye na binti zake Olga na Tatiana walisomea uuguzi, wakawa wanahudumia majeruhi Tsarskoye Selo, mji wa ikulu yao. Jasusi gani anaosha vidonda vya askari wa upande anaousaliti?

Nahodha: Kuosha vidonda hakumpi mtu haki ya kupangua baraza la mawaziri. Na bado sijajibiwa: Desemba 1916 anamwandikia mumewe awe kama Ivan wa Kutisha, yule Tsar wa zamani aliyesifika kwa ukatili. Watu wanapanga foleni za mkate, yeye anataka kiboko.

Mleta mada: Ndugu zangu, swali lilikuwa nani aliuangusha ufalme.

Mama Watatu: Nami ndilo ninalojibu. Barua kaandika yeye, sawa, lakini sahihi ya kumwondoa waziri ni ya Tsar. Kilichowamaliza ni kuuficha ugonjwa. Raia hawakuambiwa mrithi anaumwa nini, wakabaki kumwona mkulima kutoka Siberia akiingia na kutoka ikulu. Wangeambiwa mtoto anateseka, wangemwona kama mama. Hawakuambiwa, wakatunga yale machafu yote tunayoyajua kumhusu yeye na Rasputin.

Nahodha: Na hiyo siri aliyeing'ang'ania ni nani?

Mama Watatu: Wote wawili. Anza na mwenye taji.