Fomu za kujiandikisha kwa barua pepe: kupachika fomu ya mtoa huduma, kutumia plagini, au kuiandika mwenyewe?

Gangilonga (Iringa)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninatengeneza tovuti za biashara ndogo hapa Iringa na Mafinga: nyumba za wageni wanaopita kuelekea Hifadhi ya Ruaha, wauza miche ya miti, na sasa kikundi cha wakulima wa kahawa huko Mbozi. Kila mteja huomba kitu kile kile, yaani sehemu ndogo ambapo msomaji ataacha anwani yake ya barua pepe ili awe anatumiwa habari. Kazi hiyo hunila siku mbili kwa kila tovuti, na nimechoka kuianza upya kila mara.

Nimekwisha kujaribu njia tatu. Ya kwanza ni kuchukua msimbo uliotayarishwa na mtoa huduma wa kutuma barua pepe kwa orodha ya wasomaji, kama Mailchimp au MailerLite, na kuupachika katika ukurasa. Huchukua dakika kumi, lakini fomu huja na mitindo yake na mafaili ya JavaScript yanayouelemea ukurasa, na mgeni aliye basini anapanda mlima wa Kitonga huku mtandao ukisuasua anaweza kuona nafasi tupu pale fomu ilipopaswa kuwa. Ya pili ni plagini ya WordPress, yaani programu ndogo ya kuongezea tovuti uwezo, ambayo ni rahisi kuipanga ila inahitaji kusasishwa kila mara. Ya tatu ni kuandika fomu na programu ndogo ya PHP ya kuhifadhi majina. Hiyo ndiyo ninayoielewa vizuri zaidi, na ndiko moyo wangu uliko.

Ni ipi inayorahisisha kazi kweli, tangu siku ya kujenga hadi mwaka wa pili, mteja anapokuwa na majina mia kadhaa?

Ukungu wa Rungwe (Tukuyu)

Ndugu Gangilonga, mimi nilishika njia ya tatu kwa miaka miwili, na ninakusihi uifikirie tena. Fomu yenyewe huandikwa kwa nusu saa. Taabu yote iko katika yale yanayofuata baada ya msomaji kubonyeza kitufe.

Nilijenga tovuti ya nyumba ya wageni kwa ajili ya watu wanaokuja kuona Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu, nikatumia amri ya mail() iliyomo ndani ya PHP kutuma barua ya uthibitisho. Barua zikawa zinaangukia katika barua taka, kwa sababu seva ilikuwa ya kushirikiana na tovuti nyingine nyingi, na barua zangu hazikuwa na sahihi ya DKIM ya kuonyesha kwamba kweli zimetoka katika kikoa chetu, yaani jina la tovuti yetu mtandaoni. Baadaye roboti waliigundua fomu, wakaanza kuingiza anwani za watu ambao hawakuwahi kutusikia, nasi tukawa tunawasumbua watu hao bila kujua.

Lakini lililoniuma zaidi lilikuwa kosa langu mwenyewe. Orodha niliihifadhi katika faili la CSV ndani ya folda iliyo wazi, hivi kwamba yeyote aliyekisia jina la faili angeweza kulipakua. Siku nilipopitia kumbukumbu za seva nikakuta limepakuliwa kutoka mahali nisipopajua, sikupata usingizi. Niliwaandikia wote waliokuwamo kuwaomba radhi, na mwenye nyumba ya wageni alikuwa na haki kabisa ya kunikasirikia.

Mwanjelwa (Mbeya)

Pole sana, dada Ukungu, na ahsante kwa kulisema wazi, maana wengi tumepita njia hiyo hiyo.

Ndugu Gangilonga, kuna njia ya nne ambayo hukuitaja, nayo ndiyo ninayoitumia katika kila tovuti. Fomu unaiandika mwenyewe kwa HTML tupu, lakini badala ya kuielekeza kwenye seva yako unaielekeza moja kwa moja kwa mtoa huduma. Chukua msimbo wa kupachika wa Mailchimp uusome mstari kwa mstari, utaona kwamba vinavyohitajika ni vitu vitatu tu: anwani iliyo katika sehemu ya action (inayosema fomu ipelekwe wapi), kisanduku chenye jina EMAIL, na kisanduku kilichofichwa ambacho jina lake huanza na b_. Hicho cha mwisho usikifute, kwa sababu ni mtego: mtu hakioni, roboti hukijaza, na anayekijaza hukataliwa. Mitindo na JavaScript unaweza kuviondoa vyote, na fomu itaendelea kufanya kazi hata mtandao ukiwa dhaifu. Buttondown, mtoa huduma mwingine, nao hutoa fomu ya namna hii tangu mwanzo, ya mistari michache tu. Gharama yake ni kwamba msomaji akibonyeza kitufe huondoka kwako na kupelekwa kwenye ukurasa wa mtoa huduma. Kwa wateja wangu hilo halijawa tatizo.

Kuhusu kisanduku chenyewe, andika type="email" wala usiandike type="text". Simu itatoa kibodi yenye alama ya @, na haitaanza na herufi kubwa. Ongeza autocomplete="email", na simu nyingi zitapendekeza anwani ya mwenyewe bila yeye kuiandika. Maandishi ndani ya kisanduku yawe na ukubwa wa pikseli 16 au zaidi, la sivyo Safari ya iPhone hukuza ukurasa mzima mtu anapogusa kisanduku, na kitufe hutoka nje ya kioo. Jina la kisanduku liandikwe juu yake kwa label. Maandishi hafifu ya ndani hupotea mara mtu anapoanza kuandika.

Usitunge kanuni zako kali za kukagua anwani. Nimeona fomu zinazokataa anwani yenye alama ya kujumlisha, ingawa ni halali kabisa. Kwa upande mwingine, usiutegemee mno ukaguzi wa kivinjari, kwani hukubali hata anwani iliyoishia kwenye "@gmail" bila nukta, na "gmail.con" hupita bila swali. Kinachothibitisha anwani ni barua ya uthibitisho peke yake.

Mimi nimeyaweka haya yote katika faili moja. Kwa mteja mpya ninabadilisha anwani ya action, rangi mbili na sentensi ya juu, basi.

Uwemba (Njombe)

Nakubaliana na Mwanjelwa kwa tovuti ambazo fundi ndiye anayezitunza, lakini naomba plagini zisidharauliwe. Mteja wangu anayeuza parachichi hubadilisha maneno ya fomu mwenyewe kila msimu, na hataki kunipigia simu kwa ajili ya sentensi moja. Plagini ya MC4WP, inayounganisha WordPress na Mailchimp, humruhusu kuhariri fomu ndani ya WordPress, na pia huongeza kisanduku cha kuweka tiki katika fomu ya mawasiliano iliyokwisha kuwapo. Iwapo tovuti tayari iko WordPress, sioni sababu ya kuihangaikia zaidi.

Gangilonga (Iringa)

Ahsanteni sana, nimejifunza mengi. Hata hivyo, vipi kuhusu Google Forms, ambayo ni bure na majina huingia moja kwa moja katika jedwali? Na je, yupo aliyejaribu listmonk, programu ya kuweka katika seva yako mwenyewe, ili orodha ibaki mikononi mwetu?

Mwalimu wa Iyunga (Mbeya)

Google Forms inafaa kuorodhesha washiriki wa semina ya siku moja. Kwa orodha ya kudumu ina upungufu, kwa kuwa haitumi barua ya kuthibitisha wala haina njia ya msomaji kujiondoa, na akaunti ya kawaida ya Gmail ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku. Listmonk ni programu nzuri na huria. Hutengeneza fomu na kuthibitisha anwani, lakini inataka seva yako yenye hifadhidata ya PostgreSQL na huduma nyingine ya kusafirisha barua. Mwenye tovuti moja asijitwishe mzigo huo. Mwenye wateja ishirini anaweza kuufikiria.

Naomba niongeze mambo mawili ambayo hayaonekani katika fomu lakini ndiyo yanayoamua. Tangu Februari 2024, Gmail huwataka watumaji wote wathibitishe barua zao kwa SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua za kikoa) au DKIM, na wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku wawe na zote mbili, wawe na DMARC (maelekezo ya nini kifanyike kwa barua isiyothibitika), na waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Mtoa huduma hukupa rekodi za kuingiza katika kikoa, na kazi hiyo ifanyike siku ile ile fomu inapowekwa.

La pili ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anwani ya barua pepe ya mtu ni taarifa binafsi. Inakusanywa kwa kusudi lililotajwa, na anayekusanya anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hiyo inagusa pia usafirishaji wa taarifa nje ya nchi, na watoa huduma wengi mliowataja wako nje, kwa hiyo mteja aelezwe hilo kabla ya kuchagua. Hapa ndipo fomu fupi inapokuwa na faida nyingine: usipouliza namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa, huna ya kulinda.

Gangilonga (Iringa)

Shikamoo, mwalimu, na ahsante. Jana usiku nilijaribu njia ya ndugu Mwanjelwa kwa tovuti ya kahawa, ikanichukua saa moja na nusu pamoja na rekodi za kikoa. Nimebakiza kisanduku kimoja. Juu yake nimeandika: "Tutakuandikia mara moja kwa mwezi kuhusu bei na mavuno ya kahawa. Unaweza kujiondoa wakati wowote." Kwenye kitufe nimeweka "Wasilisha", ila silipendi neno hilo.

Ukungu wa Rungwe (Tukuyu)

"Wasilisha" ni neno la fomu za ofisini. Andika "Nitumie habari", kisha katika barua ya uthibitisho kiungo kiseme "Ndiyo, nitumieni". Na ukumbuke kuutafsiri ukurasa wa mtoa huduma unaofuata, maana mkulima aliyesoma Kiswahili tangu juu akikutana na Kiingereza hapo, ataufunga kabla hajathibitisha.