Naomba ushauri: drili za betri, Makita, DeWalt au Ingco?
Wakuu habari. Ni fundi aluminiamu na jipsamu hapa Dar. Saiti nyingi umeme haujaingia, nataka kuhamia drili na grainda za betri. Niliyonayo sasa, ya bei chee, mdomo unacheza, biti inayumba, betri haimalizi hata fremu moja.

Makita ya 18V na DeWalt ya 20V najua ni kitu kilekile, hiyo 20 ni betri ikiwa imejaa tu. Kinachoniumiza kichwa ni kwamba ukianza na betri za kampuni moja umefungwa humo. Ingco mfuko unaruhusu, ila kwa anayetoboa zege kila siku, mota yake isiyo na brashi za kaboni (brushless) inadumu kweli? Na betri feki za Makita mnazitambuaje dukani?