Barua ya mwenyekiti wa mtaa iwe sharti la kutibiwa katika zahanati ya mwaloni?

Mwanakamati, Ilemela

Habari za leo, ndugu wanajukwaa. Mimi ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati iliyo karibu na mwalo, yaani mahali mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga kando ya Ziwa Victoria, na naomba ushauri kabla ya kikao chetu kijacho. Wasukuma ndio wengi katika eneo letu, lakini mwaloni wanaishi pia Wakerewe, Wajita, Wakara, Wahaya na Wajaluo, na wengi wao huhama kutoka kambi moja ya uvuvi hadi nyingine wakifuata samaki. Zahanati ilijengwa kwa mawe, mchanga na michango ya wananchi, hivyo kila dawa zinapopungua husemwa kwamba watu wa kambini wanamaliza dawa za wenyeji. Sasa baadhi ya wajumbe wanapendekeza kwamba mgonjwa asiye na barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa asubiri mpaka wenyeji wote wahudumiwe. Mimi sikubaliani nao, ila nataka kuingia kikaoni na hoja zenye uzito, kwa kuwa manung'uniko ya wenyeji nayo si ya kupuuzwa. Wenzetu mnaoishi kando ya ziwa mmelishughulikiaje jambo hili?

Mtendaji mstaafu, Sengerema

Ndugu Mwanakamati, anza na Katiba. Ibara ya 13 inakataza mtu kubaguliwa na mamlaka yoyote, na inapoeleza maana ya kubagua inataja kabila, dini, jinsia, hali ya maisha na pia mahali mtu alikotokea. Ibara ya 17 inampa kila raia haki ya kuishi sehemu yoyote ya nchi. Barua ya mwenyekiti ina kazi zake, kama kufungua akaunti ya benki au kumdhamini mtu, lakini mama mwenye mtoto anayepata degedege hawezi kwenda kumtafuta mwenyekiti kwanza.

Hata hivyo, nadhani hoja itakayowagusa zaidi wajumbe wako ni ya dawa zenyewe. Zahanati huandaa maombi yake kwa kuangalia matumizi na wagonjwa walioandikwa kwenye vitabu, kwa hiyo mgonjwa anayerudishwa mlangoni haonekani popote, na kituo kitaendelea kuomba dawa za watu wachache kuliko wanaoishi pale. Waandikeni wote, pamoja na kambi wanayotoka. Tena mkumbuke kipindupindu: mgonjwa asiyetibiwa kambini anatumia maji ya ziwa lile lile ambalo wenyeji wanachota.

Mwenyeji wa Igombe

Mzee wangu Mtendaji, shikamoo. Sheria nimeielewa, lakini sisi ndio tuliobeba mawe. Tukiitisha kazi za kujitolea, watu wa kambini hawatokei, na samaki wakihama nao wanaondoka. Sisemi wanyimwe matibabu. Nasema haki iende pamoja na wajibu, la sivyo wenyeji watachoka kuchangia.

Mwanika dagaa

Kaka yangu wa Igombe, nimekusoma vizuri, na naomba nikueleze kwa nini hatutokei. Mikutano na kazi za mtaa huitishwa saa tatu asubuhi. Saa hiyo wavuvi wa dagaa wamerudi kutoka ziwani wakiwa wamekesha, na sisi wanawake tupo kwenye vichanja, kwa sababu dagaa wasipopata jua la siku hiyo huharibika na mtaji umekwenda. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi inapokuwa kubwa, mitumbwi hutulia na watu hushona nyavu. Itisheni mkutano siku hizo, saa kumi alasiri, na tangazo lipitie kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, badala ya kubandikwa kwenye ofisi ya mtaa ambako hatufiki, kisha muone kama hatutakuja. Kuhusu mchango, ushuru wa mazao ya uvuvi unaopokelewa na halmashauri unatoka mikononi mwetu pia. Ningependa kujua, Ndugu Mwanakamati: katika kamati yenu yupo hata mwanamke mmoja anayefanya kazi mwaloni?

Mkazi wa Nansio

Naongeza jambo ambalo halijaguswa. Mimi nina ualbino, na baada ya mauaji ya miaka ya 2007 na 2008 katika Kanda ya Ziwa, wengi wetu tulijifunza kuogopa mahali ambapo mtu anaulizwa kwa sauti, mbele ya umati, anatoka wapi na analala wapi. Barua mnayoijadili italeta swali hilo hilo dirishani kila siku. Aidha, foleni inayopangwa juani inatuumiza ngozi, na jina linaloitwa kupitia dirishani halimfikii kiziwi. Wekeni kivuli, mtoe kadi za namba zinazooneshwa kwa mkono, na maswali ya makazi yaulizwe chumbani. Gharama yake ni ndogo sana.

Mwanakamati, Ilemela

Nawashukuru sana. Dada Mwanika dagaa, jibu ni kwamba hayupo, na nitapendekeza nafasi moja ijazwe na mtu atakayechaguliwa na wanawake wa mwaloni wenyewe. Nitapendekeza pia mkutano wa alasiri katika siku za mbalamwezi, ambapo taarifa ya dawa zilizopokelewa na zilizotumika itasomwa mbele ya wote. Kaka wa Igombe, hilo likifanyika, utaendelea kudai barua?

Mwenyeji wa Igombe

Taarifa ikisomwa hadharani, na watu wa kambini wakiwa wamekaa pamoja nasi, sitadai. Lakini ujenzi wa choo cha wagonjwa umesimama kwa kukosa watu wa kuchimba. Nao upangwe siku hizo hizo za mbalamwezi.